Gari limelala chini ya mkungu, na kadi ina jina la marehemu

SWALI

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Chumbageni, Tanga, na kila siku ya kazi husafiri hadi Pongwe ninakofundisha. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa daladala na bodaboda. Mwaka huu, baada ya kupokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana fedha, niliamua kununua gari dogo lililotumika. Mzee mmoja tuliyewahi kuwa majirani, ambaye ninamheshimu kama baba yangu mzazi, alikuwa na Toyota Corolla iliyolala uani kwake Raskazone tangu mwaka 2019, chini ya mti wa mkungu, kwa sababu macho yalianza kumsumbua na watoto wake wote wanaishi Dar es Salaam. Tulikubaliana shilingi 4,000,000. Nimeshampa 3,200,000, na 800,000 iliyobaki anaisubiri.

Bodi ya gari inapendeza kwa macho, ingawa chini ya boneti pamejaa majani makavu na kungu zilizooza. Tairi zimeisha upepo lakini bado zina meno. Fundi mmoja wa Ngamiani alikuja kulitazama, akasema nikimpa shilingi 900,000 litawaka ndani ya wiki moja, na injini ikigoma anayo nyingine ya mtumba ya aina hiyohiyo, atanifungia.

Tatizo nililigundua nilipoisoma kadi kwa makini. Jina lililoandikwa si la mzee. Nilipomuuliza, alinieleza bila kuficha kwamba alilinunua gari hilo mwaka 2014 kwa bwana mmoja wa Korogwe, wakaandikiana karatasi ya mkono mbele ya mashahidi wawili, lakini hakubadilisha jina, kila mwaka akisema atakwenda. Bwana yule alifariki mwaka 2021, na mzee mwenyewe alikwenda kumzika na akahudhuria hitima. Ameacha mjane na watoto.

Shemeji yangu ananishauri tuandike mkataba kati yangu na marehemu, tuutie tarehe ya mwaka 2018, na yeye asaini mahali pa muuzaji, kwa kuwa marehemu hatarudi kukana. Fundi naye anasema makaratasi yasubiri, gari likishawaka niwe ninatoka alfajiri kabla askari hawajasimama barabarani. Walimu wenzangu wawili wameshaniambia watapanda nami na kunilipa kila Ijumaa. Mimi nina hofu. Ninaogopa pia ada ya leseni ya barabara iliyolimbikizwa kwa miaka yote ambayo gari halikutembea. Naomba unielekeze nianzie wapi.

Mwalimu wa Chumbageni

JIBU

Mwalimu wangu, marahaba, na hongera kwa uvumilivu wa miaka kumi na moja ya kusimama kituoni. Hofu uliyonayo ni ya mtu mwenye akili timamu, na ninakuomba uisikilize kuliko unavyomsikiliza fundi wako.

Shilingi 900,000 za fundi zibaki kwako kwanza. Kazi ya kwanza ya gari hili ipo Korogwe, kwa mjane, wala haipo chini ya boneti. Leo hii wewe una funguo, una kadi na umelipa fedha nyingi, lakini katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, gari hilo ni la mtu aliyekwisha kuzikwa, na yule mzee uliyemlipa hajawahi kuandikwa popote kuwa mwenye gari. Ukilitengeneza likawaka na kung'aa, utakuwa umeongeza thamani ya mali ambayo warithi wa marehemu wanaweza kuja kuidai kwa kuwa kadi ina jina la baba yao, nawe ukabaki na risiti za spea.

Ushauri wa shemeji yako ninaukataa moja kwa moja. Kuandika mkataba wa tarehe ya nyuma na kumsainia marehemu ni kughushi, na kughushi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Wewe ni mtumishi wa umma, na hukumu ya jinai haitaishia kwenye gari, bali itafika hadi kwenye ajira yako. Lipo na jambo ambalo shemeji hakulifikiria. Mzee ana karatasi halali ya mwaka 2014 yenye mashahidi wawili, na karatasi hiyo, hata kama imeandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa daftari, ndiyo ushahidi wenu mkubwa kwamba marehemu aliuza gari kwa hiari yake na akalipwa. Siku utakapotoa mkataba unaosema marehemu alikuuzia wewe mwaka 2018, utakuwa unasema kwa kinywa chako kwamba ile ya 2014 ni ya uongo. Utakuwa umeua ushahidi wa kweli kwa ushahidi wa kutunga, na mjane akiuliza swali moja tu mbele ya hakimu, hutakuwa na pa kushika.

Njia iliyonyooka ni ndefu kidogo, lakini ni njia inayopitiwa na watu wengi, na haina maajabu. Mtu akifariki, anayeweza kutia saini kwa niaba ya mali yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjane kwa ujane wake, wala mtoto mkubwa kwa ukubwa wake. Kwa hiyo swali la kwanza mtakalouliza Korogwe ni kama mirathi ya marehemu ilishafunguliwa. Huenda ilifunguliwa mwaka uleule wa 2021 kwa sababu ya nyumba, shamba au fedha za benki, na msimamizi yupo, na hapo mtakuwa mmeokoa miezi kadhaa. Ikiwa haijafunguliwa, familia itakaa kikao, itaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, itachukua cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kisha itapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Kwa kuwa umeniambia alisomewa hitima, ninachukulia kwamba mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, na mirathi ya namna hiyo Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuisikiliza. Maombi hujazwa kwenye Fomu Namba 1, mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipopatikana, msimamizi hupewa Fomu Namba 4, ambayo ndiyo karatasi ambayo TRA watataka kuiona. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi hupaswa kuirudishia mahakama orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Mwombeni aitaje Corolla hiyo kwa namba yake ya usajili, pamoja na maelezo kwamba iliuzwa mwaka 2014 na kwamba deni lililobaki kwa marehemu ni saini ya uhamisho tu. Neno hilo likiingia kwenye jalada la mahakama, limekulinda zaidi ya kufuli lolote.

Msimamizi akishapatikana, nendeni ofisi ya TRA mkoani Tanga kabla hamjaandika mkataba wowote, mkaulize kama watataka uhamisho mmoja kutoka kwa msimamizi kuja kwako, au miwili, kwanza kwenda kwa mzee kisha kuja kwako. Mkianza na mwanasheria kabla ya kuuliza hilo, mnaweza kulipia mikataba mara mbili. Mtahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili, Fomu Namba 4, vitambulisho, na namba za mlipakodi za wahusika. Katika kuhamisha jina kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Nakuomba uandike bei ya kweli. Wapo watakaokushawishi uandike 1,000,000 badala ya 4,000,000 ili kupunguza ushuru, na ukipiga hesabu utaona kwamba unaingia kwenye uongo wa maandishi kwa ajili ya shilingi 30,000. Mkiwa hapohapo, omba waangalie katika mfumo wao kama gari liliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, kwa maana gari la msamaha likihamia kwa mtu asiye na msamaha hudaiwa kodi, na ni bora ulijue hilo wakati 800,000 ya mzee bado ipo mkononi mwako.

Juu ya fedha hiyo sitaki uone haya. Mzee unamheshimu, na inavyoelekea ni mtu mkweli, kwa kuwa hakuficha lolote ulipomuuliza. Lakini kilichokuwa wajibu wake tangu 2014 hakikufanyika, na gharama za kukirekebisha ni zake kabla ya kuwa zako. Mwambie kwa adabu kwamba salio utalimaliza siku kadi itakapotoka na jina lako, na kwamba nauli za Korogwe, ada za mahakama na ujira wa wakili zitatolewa humo. Liandikeni, mtie saini nyote wawili, na mmoja wa watoto wake wa Dar es Salaam ajulishwe, kwa sababu mzee mwenyewe macho yanamsumbua na umri umekwenda. Mkichelewa, ipo siku mtakuwa na mirathi mbili za kufungua badala ya moja.

Kuhusu leseni ya barabara, ondoa wasiwasi. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa kuanzia Julai 2017, katika bajeti iliyosomwa na aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, na badala yake ushuru wa mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo gari lisilonunua mafuta halikulimbikiza ada hiyo tangu 2019. Madeni unayopaswa kuyatafuta ni faini za usalama barabarani, ambazo huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari, na ushuru wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Yakiwepo, chukua kontroli namba, lipa, tunza risiti.

Sasa tuje kwa fundi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo mtu anaweza kupoteza maisha.

Raskazone ni pazuri kwa binadamu kupunga upepo, lakini upepo huohuo wa bahari hubeba chumvi, na gari lililosimama miaka mingi mbele yake huliwa kuanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki. Bodi inaweza kupendeza kama ulivyoiona, huku paipu za breki, ambazo ni vyuma vyembamba vinavyopita chini ya sakafu, zimebaki ganda. Mwaka 2009 niliamsha gari langu lililokuwa limelala miezi kumi na minne Bagamoyo. Lilipowaka kwa ufunguo mmoja nilifurahi, nikalitoa nje siku hiyohiyo. Kwenye njia panda ya tatu nilikanyaga breki, nikahisi pedali inakwenda hadi sakafuni bila kugusa kitu, laini kama kukanyaga mto wa pamba. Nilijiokoa kwa hendibreki na kwa rehema ya Mungu, na mama aliyekuwa akivuka na beseni la samaki hakujua hata leo kilichotokea. Tulipolinyanyua tulikuta paipu moja ya nyuma imetoboka tundu lisilozidi kichwa cha pini, na mafuta ya breki yote yamemwagika ndani ya ringi.

Kwa hiyo mwambie fundi kwamba kazi inaanza na breki, si injini. Gari linyanyuliwe, magurudumu yote manne yavuliwe, paipu zipigwe brashi ya waya na kutazamwa kwa mwanga, hosi za mpira zikunjwe kwa vidole kuona kama zimepasuka, na mafuta ya breki yamwagwe yote na kuwekwa mapya, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu hewani, na baada ya miaka mitano katika hewa ya Tanga yatakuwa yameshaharibika. Ainue makapeti pia, achokoe sakafu na chesisi kwa bisibisi. Ikizama, msiendelee na matumizi mengine mpaka mjue kutu imefika wapi.

Tairi usizihukumu kwa meno. Pembeni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, utaona tarakimu 4, na mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2313 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013. Tairi lililosimama bila upepo miaka yote hiyo, likibanwa mahali pamoja na uzito wa gari, limevunjika nyuzi zake za ndani hata kama meno yake ni mapya. Weka bajeti ya tairi nne.

Injini yenyewe isiwashwe kwa pupa. Petroli ya 2019 imwagwe, tanki lisafishwe, filta ibadilishwe. Plagi zifunguliwe, kila silinda itiwe oili kidogo, iachwe usiku mmoja, kisha fundi aizungushe kwa spana ya mkono kabla ya kuigusa kwa ufunguo. Nyaya zitazamwe moja baada ya nyingine, kwa kuwa panya hupenda sana mahali penye majani makavu na kungu kama ulivyopaeleza. Injini nyingi za aina hiyo huamka zikibembelezwa namna hii, na ndiyo sababu ninakusihi usikubali haraka ile injini ya mtumba. Kadi ya gari hubeba namba ya chesisi na namba ya injini, na siku injini itakapobadilishwa, gari lako halitalingana tena na kadi yake. Ikilazimika, iwe na risiti na nyaraka za mahali ilipotoka, ikaguliwe na polisi, na TRA waibadilishe kwenye kadi. Fundi asiyekueleza habari hizo anakuuzia mzigo.

Yeye anayekushauri utoke alfajiri anakushauri uendeshe gari lisilo na bima, na sheria ya bima ya magari hairuhusu gari kuwa barabarani bila walau bima ndogo, iwe saa nane mchana au saa kumi na moja alfajiri. Ukimgonga mtoto wa shule njiani kwenda Pongwe, matibabu yake, au Mungu aepushe, fidia ya uhai wake, vitakuwa juu ya mshahara wako. Bima ikatwe baada ya kadi kuwa na jina lako, na mara wakala atakapokukatia, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uitwao TIRAMIS ukiwa umesimama palepale, uone kama imesomeka. Kabla ya hapo gari likihitaji kutoka Raskazone kwenda gereji, libebwe juu ya brekdauni, lisivutwe kwa kamba, maana gari linalovutwa magurudumu yake yamo barabarani vilevile. Ukishapata bima, lipeleke likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi hata kama hakuna aliyekuagiza, likiwa na mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Macho yake hayana biashara na wewe wala na fundi.

Wenzako wawili wapande, na ni jambo jema. Lakini malipo ya kila Ijumaa ni nauli. Namba yako itakuwa ya njano, ya gari binafsi, na bima yako itakuwa ya matumizi binafsi. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji usajili wa biashara, namba nyeupe, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na bima yake. Waambie mapema kwamba hutapokea nauli, ili yasije yakawa maneno baadaye.

Safari ya Korogwe nenda na mzee mwenyewe, si na shemeji wala barua ya wakili. Mjane huenda hajui kabisa kwamba mumewe aliuza gari, au anajua na anasubiri kuona nani atakuja. Ketini, mpeni pole hata kama miaka imepita, mzee aeleze kwa kinywa chake yaliyokuwa kati yake na marehemu, ndipo itolewe karatasi ya 2014. Kama shahidi mmoja kati ya wale wawili yu hai, mwombeni mfuatane naye. Beba nakala ya kadi na nakala ya ile karatasi, na zile halisi ziache nyumbani, mahali ambapo mvua na mkono wa mtu mwingine haviwezi kufika.